Kandambili Chini ya Zulia

Gari lilirudi asubuhi likivutwa kwa mnyororo, na mapazia yake yalikuwa yameliwa na moto mpaka kwenye pindo. Mke wa Shoti aliyatambua mapazia kabla hajalitambua gari. Yeye ndiye aliyeyashona. Sasa yalining'inia dirishani kama ndimi nyeusi za mbwa, na harufu ya plastiki iliyoungua ikaingia uani kabla ya gari lenyewe. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, mkasi mkononi. Kwenye karakana ile, jambo baya likitokea, watu walianza kwa kutazamana, kila mmoja akiomba lisiwe lake.

Kazi ya pale ilikuwa kugeuza magari ya mizigo kuwa nyumba. Tajiri alinunua gari kuukuu lililochoka kubeba mikate, mafundi wakalitia kitanda, sinki, kabati na jiko dogo, na nyuma kabisa, chini ya benchi, betri ya pili ya kuwashia taa na friji injini ikiwa imezimwa. Kisha walikuja watu wenye nyumba tayari, wengine wenye mbili, wakanunua hii ya tatu yenye magurudumu ili wakalale porini na kuamka wakisikiliza ndege. Waliozitengeneza nyumba hizo walilala kwenye vyumba vya mabati nyuma ya banda la rangi, na ndege waliowasikiliza walikuwa kunguru.

Betri ya pili ilikuwa kazi ya mumewe. Ndiye aliyevuta waya mnene kutoka kwenye betri ya injini, akaupitisha chini ya kiti cha dereva, akaupenyeza kwenye tundu la ukuta wa chuma, akaulaza chini ya zulia hadi nyuma. Walimwita Shoti. Si kwamba waya zake zilipiga shoti, hazikuwahi. Ni kwamba ujanani alikasirika siku moja mbele ya watu, akatoa cheche kweli kweli, na watu hawakusahau. Hakukasirika tena. Jina lilibaki kwake, na hasira ikahamia kwa mkewe.

"Shoti!" Tajiri akaita kutoka ofisini. "Njoo hapa."

Mke akarudi kwenye cherehani yake, lakini hakukanyaga pedali. Kati ya chumba cha kushonea na ofisi palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kwa miaka yote aliyokaa pale alikuwa amesikia mengi kuliko alivyoshona.

"Ngoja, usikae kwanza," Tajiri alikuwa akisema. Karatasi ikachakarika. Alikuwa na mazoea ya kutandika gazeti kwenye kiti kabla fundi hajakaa, grisi isije ikaingia kwenye kitambaa. Kitambaa chenyewe alikishona mke wa Shoti. "Haya, kaa. Gari umeliona?"

"Nimeliona, Tajiri."

"Mama wa watu amefungwa bandeji mikono yote miwili. Alimtoa mtoto kupitia dirishani. Mtoto ni mzima, lakini mikono ya yule mama, we acha tu." Kalamu ikagonga meza. "Mkaguzi anasema waya umekatwa na ukingo wa tundu, pale nyuma ya dereva. Hapakuwa na mpira wa kuukinga."

"Mpira ulikuwepo, Tajiri. Ni wewe uliyese—"

"Shoti."

"Naam."

"Waya ule aliyeushika kwa mikono yake ni nani?"

"Mimi."

"Basi." Kiti cha Tajiri kikalia. "Kesho mchana wanakuja, yule mama na mumewe. Utasimama pale uani useme ulisahau kuweka mpira. Neno moja tu, ulisahau. Binadamu si husahau? Mimi nitakufokea, usinione vibaya, lazima nifoke. Utapumzika nyumbani kidogo, mambo yakipoa utarudi. Chumba chako hakiguswi."

"Na nikisema ilivyokuwa?"

"Sema! Nani amekuziba mdomo? Ila vyumba vile ni vya wafanyakazi wangu, na anayenichafua mimi si mfanyakazi wangu. Mama yako siku hizi anatembea?"

"Hatembei."

"Ndiyo hivyo," Tajiri akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake. "Nenda kamalizie lile gari la kijani. Mwenyewe analichukua kesho hiyo hiyo."

Mke wa Shoti alikuwa na kumbukumbu isiyojua kulala. Alimkumbuka fundi rangi wa zamani, aliyekohoa mpaka akakonda kama ufito, Tajiri akatangaza kwamba ni sigara, na yule bwana hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Alimkumbuka mchomeleaji alivyoomba miwani ya kazi akaambiwa afumbe jicho. Alifumba moja, na hilo ndilo alilobaki nalo. Sasa hata watoto walimwita Chongo, naye aliitika. Ikasemwa ni uzembe wake. Kila mara palipatikana mtu wa kuwa mzembe. Mwaka huu imefika zamu ya nyumba yangu, akawaza, na uzi ukakatika mkononi mwake.

*

Jioni walikula chumbani. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia lililobaki kwenye oda fulani: upande huu kitanda cha Shoti na mkewe, upande ule kitanda cha mama mkwe, ambaye miguu ilimgomea lakini mdomo haukugoma. Binti yao alikuwa juu ya sanduku la nguo, amekunja magoti. Walimwita Tumbiri kwa sababu hakuwahi kuona kitu akakiacha bila kukipanda.

"Baba Tumbiri," mke akasema. "Nimesikia yote."

"Umesikia nini?"

"Ukuta ni mbao."

Shoti akasukuma sahani. "Basi kama umesikia, tumemaliza."

"Tumemaliza? Utasema ulisahau? Wewe? Mtu asiyesahau hata bisibisi, unayeamka kwenda kuangalia kama umefunga bomba la jirani?"

"Nitasema maneno mawili, kisha nitanyamaza. Maneno hayaui."

"Na waya je, hauui?"

Mama mkwe akasogeza pazia. "Mimi sielewi," akasema. "Hiyo mipira si ndizo kandambili zetu?"

Ndizo hasa. Duka la vipuri mkabala na geti liliuza mipira ya kuvalisha ukingo wa tundu, ile ya kuukinga waya usikwaruzwe na chuma, lakini Tajiri aligoma kununua. Waya una ngozi yake, alisema, ya nini kuuvalisha koti? Shoti hakubishana. Alichukua kandambili kuukuu za nyumbani, akakata soli vipande vya duara, akatoboa kila kimoja katikati, akavipachika kwenye matundu, waya ukapita humo kama mkono kwenye bangili. Kila gari lililotoka pale liliondoka na kipande cha miguu ya familia ile. Za Tumbiri zilifaa zaidi kwa sababu zilikuwa laini. Mama mkwe alizitoa zake zote kwa mkupuo. "Mimi sikanyagi chini," alisema siku ile, "acheni miguu yangu itembee duniani."

Mpaka mnunuzi mmoja alipofunua zulia akakutana na soli ya waridi yenye alama ya kidole gumba cha mtoto. Akapiga picha, akawatumia wenzake: nyumba ya kifahari, imeshikiliwa na kandambili. Picha ikazunguka, watu wakacheka, ikamfikia Tajiri. Alitetemeka kwa aibu siku nzima. Aliamuru kandambili zote zing'olewe kwenye magari yaliyokuwa uani na kingo za matundu zipakwe rangi nzuri ya fedha. Na fyuzi ya kukata umeme, ambayo Shoti alikuwa ameiweka mbele, karibu na betri ya injini, ikahamishiwa nyuma kwenye kibao chenye taa za buluu, mteja aione ikimeremeta. Shoti alimwambia mkewe jioni ile kwamba fyuzi ni mlinzi, na mlinzi hukaa getini, halazwi chumbani na wageni. Alimwambia mkewe. Hakumwambia Tajiri. Alichukua koleo akang'oa.

"Lile la kijani nalo halina?" mke akauliza.

Shoti akaivuta tena sahani yake.

"Nakuuliza, Baba Tumbiri. Nimetandika zulia lake mwenyewe juzi, nimeligandisha kwa gundi. Chini yake kuna kandambili au hakuna?"

"Hakuna."

"Na kesho linaondoka na watu."

"Sasa unataka nifanye nini?" Sauti ya Shoti ilipanda kidogo, ikashuka yenyewe, kama mbwa aliyezoea kupigwa. "Nimbebe mama mgongoni niende naye wapi? Ukweli hauna paa, Mama Tumbiri."

"Na uongo wako una vyumba vingapi? Hiki kimoja tu! Kimoja, tena chenye pazia katikati!"

"Msigombane kwa ajili yangu," mama mkwe akasema. "Nimelala kwenye vibaya kuliko hiki." Kisha akaongeza, kwa sababu hakujua kuacha: "Lakini paa lile la mwanzo lilivuja, hilo siwafichi."

Tumbiri akacheka peke yake juu ya sanduku. Hakuna aliyecheka naye.

*

Kesho yake mchana uani palijaa. Tajiri alivaa shati jeupe na viatu vya ngozi vilivyong'aa hata vumbi likaogopa kuvikalia. Yule mama wa bandeji alikuja na mumewe. Mikono yake aliinyanyua mbele ya kifua kama mtu aliyebeba vitu viwili visivyoonekana. Upande wa pili alikuwa mnunuzi wa gari la kijani, miwani ya jua kichwani, amekuja na watoto wake wawili, nao walikwisha kuingia ndani ya gari wakawa wanarukaruka kitandani. Mafundi walipangwa kando. Waliambiwa wasimame, wasikilize, wajifunze.

"Huyu hapa," Tajiri akasema, akimsukuma Shoti bega. "Sikufichi, mama. Mimi mwenyewe nilitaka kulia. Mtu nimempa kazi, nimempa chumba, mama yake mgonjwa namlaza kwangu. Huruma yangu ndiyo inayoniponza. Unajua hapa wanamwitaje? Shoti! Fundi waya anaitwa Shoti! Jina tu lingenitosha kumfukuza."

Mume wa yule mama akaguna. Mafundi wawili watatu wakacheka, si kwa sababu walifurahi, bali kwa sababu Tajiri aliwatazama akisubiri wacheke. Hata Shoti alitabasamu. Mkewe, aliyesimama mlangoni pa chumba cha kushonea, aliliona tabasamu lile likamchoma kuliko kama angemwona analia.

"Sema," Tajiri akamwambia.

"Nilisahau," Shoti akasema.

"Hawasikii."

"Nilisahau kuweka mpira. Naomba radhi, mama."

Yule mama akamsogelea. Hakuwa na ukali. Alikuwa na uchovu wa mtu ambaye hajalala. "Ulisahau tu?" akauliza. "Ulikuwa na shida siku hiyo? Ulikuwa unaumwa?"

"Sikuwa na kitu. Nilisahau tu."

"Mwanangu alilala juu ya hiyo betri."

"Nilisahau, mama."

"Mwongo!"

Watu wakageuka. Mke wa Shoti alikuwa katikati ya uwanja, mkasi mkononi, na Tajiri akarudi nyuma hatua moja akidhani tusi ni lake. Halikuwa lake.

"Mume wangu ni mwongo," mke akasema, akimnyooshea kidole Shoti. "Miaka yote nimeolewa naye sijawahi kumsikia akidanganya, leo amejifunza, na mwalimu wake ni huyu. Hakusahau kitu!"

"Mama Tumbiri, nyamaza," Shoti akanong'ona.

"Umenyamaza wewe unatosha. Ukoo mzima hauwezi kunyamaza kwa pamoja."

Akalipita kundi akaenda kwenye gari la kijani. Akapanda. "Shukeni, wanangu," akawaambia watoto kwa upole, mmoja mmoja akawashika mikono akawateremsha. Kisha akapiga magoti nyuma ya kiti cha dereva, akachomeka mkasi kwenye zulia alilolitandika mwenyewe, akalipasua. Gundi ikalia. Akalivuta kwa mikono miwili mpaka chuma kikaonekana, na tundu, na waya mwekundu unaopita humo, na rangi ya fedha iliyopakwa vizuri pembeni.

"Njoo uone!" akamwita mwenye miwani. "Njoo, baba, ni gari lako." Akachomoa kitambaa cheupe kiunoni, akakipitisha mara moja kwenye ukingo wa tundu. Kikachanika. Akakiinua juu, vipande viwili. "Hapa ndipo waya unapopita. Gari likitikisika, unasuguliwa hapa. Wamepaka wembe rangi!"

"Mama, wewe ni wa mapazia!" Tajiri akapiga kelele. "Umeme unaujulia wapi?"

"Umeme siujui. Kandambili nazijua, zilikuwa zetu. Ulizing'oa kwa sababu zilikutia aibu kwa marafiki zako. Mikono ya huyu mama haikukutia aibu!"

Akavua kandambili ya mguu wa kulia, akaikata palepale juu ya goti, kipande cha duara, akatoboa katikati kwa ncha ya mkasi. Kisha akakinyoosha nje ya mlango wa gari kumwelekea mumewe.

"Weka," akasema.

Shoti alikitazama kile kipande kama mtu anayetazama picha yake ya zamani. Alimtazama Tajiri, akatazama upande wa vyumba vya mabati. Hatimaye akakipokea, lakini hakukiweka. Akamgeukia yule mama.

"Mpira ulikuwepo," akasema. "Nikaambiwa niutoe, nikautoa. Kwa koleo, kwa mkono huu. Sikusahau."

"Kwa hiyo ulijua," yule mama akasema.

"Nilijua."

Akamtazama kwa muda mrefu, mikono yake myeupe ikiwa hewani. "Afadhali ungekuwa umesahau," akasema, akaondoka.

Mke wa Shoti alitaka kumkimbilia, amweleze habari za chumba, za mama mkwe, za gazeti kwenye kiti. Maelezo yote hayo yangetosha wapi kwenye mikono ile? Alisimama na kandambili moja, hasira yake imejaa hadi shingoni, na kwa mara ya kwanza hakujua aimwage kwa nani.

Mwenye miwani ya jua aliwakusanya watoto wake. Alitaka arudishiwe pesa zake zote, akamwambia Tajiri, siku ileile. Hakumshukuru mtu. Alipofika getini akageuka: "Na huyu mwanamke na mkasi wake mtoe hapa. Ametisha watoto."

*

Kabla jua halijashuka, vitu vyao vilikuwa nje. Si vingi: vitanda viwili, sanduku, ndoo, na pazia la katikati. Mafundi wengine waliinamia spana zao kana kwamba spana zimezaliwa siku hiyo. Chongo peke yake ndiye aliyekuja. Alikokota mkokoteni wa vyuma, akamnyanyua mama mkwe, akamkalisha juu ya magodoro.

"Utafukuzwa, mwanangu," mama mkwe akamwambia.

"Atanifanya nini, bibi? Jicho la pili nalihitaji, siwezi kumwachia."

"Hapo umesema. Sukuma taratibu, sijapanda gari siku nyingi."

Tumbiri alipanda juu ya sanduku, akashika ndoo. Shoti alikamata mpini upande mmoja, Chongo upande wa pili, mke akasukuma nyuma, mguu mmoja una kandambili, mwingine peku. Hawakusema walikoenda kwa sababu hawakujua. Shoti hakuwa amemtazama mkewe tangu mchana. Walipofika barabarani akasema, bila kugeuka:

"Ungeniachia niseme mwenyewe."

"Ungesema lini?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata sasa. "Sijui," akasema.

Walikuwa wamelipita duka la vipuri waliposikia mtu akikimbia nyuma yao. Alikuwa mlinzi wa geti, amevaa koti na kofia alivyopewa na Tajiri, akihema.

"Shikamoo, bibi," akamwamkia mama mkwe kwanza. Kisha akasimama akipikicha kofia. "Jamani, nimetumwa. Msinichukie, nimetumwa tu."

"Sema," mke akasema.

"Tajiri anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho. Anataka waya za yale magari yaliyobaki zikingwe vizuri. Anauliza..." Akameza mate. "Anauliza kama mna kandambili kuukuu mmuachie."

Mkokoteni ukasimama. Tumbiri akaitazama miguu yake, kisha akaikunja chini ya gauni. Chongo akatema mate pembeni. Duka la vipuri lilikuwa hatua chache nyuma yao, milango wazi, mipira imening'inizwa mlangoni kama vitunguu.

Shoti akaanza kuinama. Mkewe alimwona: mkono ulikuwa umekwisha kushika kisigino cha kandambili yake, tayari kuvua. Watu watalala mle, alikuwa akiwaza, usoni mwake ilisomeka waziwazi. Mkewe akamshika mkono huo, akamsimamisha wima.

"Mwambie," akamwambia mlinzi, "duka analiona kutoka dirishani kwake. Na kama hawezi kuvuka barabara, avue viatu vyake."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Na ukiogopa, sema ni maneno yangu."

Wakasukuma. Mama mkwe alikuwa akicheka juu ya magodoro, kicheko kikavu cha kukohoa, na Chongo akaanza kucheka naye. Mlinzi akabaki katikati ya barabara akiwatazama mpaka wakakata kona. Kisha akageuka kurudi, polepole, na hatua zikawa zikipungua kadiri alivyokaribia geti. Koti alipewa, kofia alipewa. Viatu aliambiwa vitakuja. Akainamisha kichwa akatazama chini.

Alikuwa amevaa kandambili.